Binti Yetu Hakuwa Mtoro

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Februari 2003, saa nne asubuhi, kwenye benchi la nje la kituo cha afya, akiwa mtoto wa pili wa fundi bomba na mpishi wa shule. Mama yake alikuwa amefika tangu alfajiri, akapewa kadi ya foleni yenye namba 17 na kuambiwa asubiri. Akasubiri. Alipomweleza mhudumu kwamba mtoto mwenyewe hana subira, alijibiwa kwamba ndiyo kwanza wako namba 11 na kila mtu ana haraka zake. Basi mtoto akatoka bila kuitwa, akapokewa na bibi yake mzaa mama, na mwanamke mwenye kadi namba 16 akavua kitenge chake akamfunika. Bibi ndiye aliyempa jina la utani, Namba Kumi na Saba. Jina la cheti liko kwenye cheti. Nyumbani, shuleni na hata chuoni aliitwa Namba, na ndivyo atakavyoitwa hapa.

Wasifu huu umeandikwa na shangazi yake, dada wa baba, fundi cherehani. Aliombwa aandike ukurasa mmoja na umezidi. Shangazi anajua kupima kitambaa, hajui kupima maneno, na hata angejua, kwa mtoto huyu asingekata.

Namba alikulia kati ya nyumba mbili zinazotazamana: kwa wazazi wake alilala, kwa shangazi alishinda, chini ya meza ya cherehani, akiokota vifungo. Alipofika miaka saba aliiba chaki ya ufundi, akawa anaandika nyuma ya mlango wa jikoni nani kapakuliwa nyama wa kwanza na nani wa mwisho. Aliandika mwezi mzima, wakubwa wakidhani mtoto anachora. Siku baba yake alipokuja kurekebisha bawaba ya mlango ule, akasoma. Ilionekana kwamba mdogo wake Namba, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, alikuwa wa mwisho siku ishirini na mbili kati ya thelathini. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: SHANGAZI AMEONJA MARA NNE KABLA YA WATU. Kikao kikaitishwa. Tangu hapo nyumba zote mbili zilipakua kuanzia mdogo kwenda mkubwa, na shangazi aliacha kuonja kwa muda wa wiki mbili hivi.

Alianza shule ya msingi Januari 2010 na kumaliza mwaka 2016. Akaendelea na sekondari kuanzia 2017 hadi 2022, katika shule ile ile ambayo mama yake ni mpishi, jambo lililomfanya awe na marafiki wengi wakati wa chakula. Walimu wake wanasema hakuwa wa kwanza darasani. Alikuwa wa tatu, wa nne, mara moja wa tisa, na aliyeuliza habari ya hiyo tisa alijibiwa kwamba hesabu ile haikuwa na adabu. Oktoba 2022 alijiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya afya ya jamii. Baba yake alimbebea godoro kichwani hadi bwenini, akakataa kusaidiwa, kisha akarudi nyumbani akakaa uani na wala hakutaka chai.

Lazima isemwe hapa habari ya moyo wake, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mwaka 2014, akiwa na miaka kumi na moja, Namba aliumwa koo, likapona lenyewe. Wiki chache baadaye magoti yakavimba. Sisi wakubwa tukasema ni maumivu ya kukua, tukamkanda kwa maji ya moto. Hayakuwa ya kukua. Ugonjwa wa koo ulikuwa umeacha alama kwenye moyo, na kuanzia mwaka huo alitakiwa kuchomwa sindano kila baada ya wiki nne, kwenye kliniki ya Jumanne ya watu wa maradhi ya muda mrefu. Aliyempeleka alikuwa shangazi. Sindano yenyewe ilikuwa nzito na ya makalio, na Namba alirudi nyumbani akikalia upande mmoja kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kisima. Hakulia. Alikuwa akiuliza tu, "Shangazi, na yule mama aliyerudishwa getini, yeye atachomwa lini?" Shangazi alikuwa akijibu, "Mama, wewe shughulika na kalio lako." Jibu hilo leo linamuuma.

Kazi ya maisha yake, ingawa maisha yenyewe yalikuwa mafupi, ilikuwa utafiti wake wa mwaka wa tatu. Mwanzoni alitaka kuchunguza sera yote ya afya: nani anapata matibabu, nani hapati, na kwa nini. Mwalimu wake msimamizi alimrudishia karatasi zake na kumwambia kazi hiyo ni ya wizara nzima na yeye ni mmoja. Akaja kwa shangazi amevimba kwa hasira. Shangazi, mdomoni ana pini, akamwambia, "Kitambaa kikikushinda, anza na mfuko." Namba akasema, "Nitaanza na neno moja."

Neno hilo lilikuwa "mtoro."

Kila Jumanne, ndani ya kliniki, muuguzi wa rejista huita majina ya waliopangiwa siku hiyo. Asiyeitikia hadi saa tisa alasiri, kalamu nyekundu humwandika pembeni: Mtoro. Ukiandikwa mara tatu, faili lako linahamia kwenye boksi chini ya meza, na siku ukija unaanza upya dirisha la kwanza kama mgeni. Namba alikuwa akiliona neno hilo tangu utotoni. Julai 2024, katika likizo ya kuelekea mwaka wa tatu, aliomba ruhusa, akapewa, akanakili majina yote ya watoro wa miezi sita. Yalikuwa sitini na matatu. Halafu akaanza kuwatafuta, mmoja mmoja, kwa miguu, yeye na moyo wake ule.

Aliwapata hamsini na mmoja. Aliwaendea majumbani, sokoni, kwenye karakana. Alikuwa na swali moja tu kwanza, nalo hakulianza kwa "kwa nini hukuja?" Alisema swali hilo lina fimbo ndani yake. Aliuliza, "Hebu nisimulie siku ile ilivyokuwa." Jioni alileta majibu kwa shangazi, akayasoma kwa sauti huku cherehani likienda, na mara nyingi cherehani lilisimama.

Ishirini na tisa kati ya hao walikuwa wamefika. Walifika getini, kwa miguu yao, na kadi zao za kliniki mkononi. Mlinzi wa geti alikuwa akipewa kadi arobaini za foleni kila Jumanne, zikiisha, aliwaambia waliobaki kwa upole wote, "Nendeni salama, njooni wiki ijayo." Aliamini ndani wanajua. Muuguzi ndani aliita, hakuitikiwa, akaandika mtoro. Aliamini hawakuja. Kutoka geti hadi dirisha la rejista ni hatua thelathini na nne, Namba alizipima. Kwa miaka tisa watu hao wawili walisalimiana kila asubuhi, wakaulizana habari za watoto na mvua, na hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake anachofanya na mtu wa arobaini na moja. Hawakuwa watu wabaya. Namba alisisitiza jambo hilo, na shangazi analisisitiza pia, ingawa kwa kusukumwa.

Sita walikuwa wamefariki. Wengine miezi mingi nyuma. Rejista ilikuwa bado inawaandika watoro. Siku aliyoleta hesabu hiyo Namba hakula.

Alinunua daftari la kurasa mia mbili, akaandika juu ya jalada "Kawia Ufike," akampelekea mlinzi. Alimtaka aandike jina la kila anayerudishwa. Mlinzi akakataa. "Binti, kazi yangu mimi ni geti. Kalamu ni ya watu wa ndani."

"Mzee, wewe ndiye daktari wa kwanza wanayemwona," Namba akamwambia. "Tena kwa wengine ndiye wa mwisho."

"Mimi na mwandiko wangu huu?"

"Niandikie jina langu nione." Mlinzi akaandika. Namba akatazama, akasema, "Mbona unaandika vizuri kuliko daktari yeyote ninayemjua." Mlinzi akacheka hadi kofia ikamdondoka, na kuanzia Jumanne ya tarehe 5 Novemba 2024 akawa anaandika.

Kuhusu ndoa: marehemu hakujaliwa kufunga ndoa. Ila mtu alikuwepo, na leo yupo hapa, kwa hiyo si umbea. Alikuwa mwenzake wa darasani, tuliyemwita Takwimu, aliyemsaidia kupiga hesabu za utafiti. Mara ya kwanza alipokuja nyumbani, wazazi walivaa vizuri wakijua amekuja kujitambulisha. Kijana akakaa, akanywa maji, akafungua kompyuta, akaeleza majedwali kwa saa nzima, akashukuru, akaaga. Mama yake Namba aliuliza, "Sasa huyu kaja kuoa au kaja kusahihisha?" Walikubaliana angekuja tena rasmi baada ya mitihani ya Juni. Shangazi alikuwa ameshatenga kitambaa. Katika daftari la vipimo la shangazi, Namba ana ukurasa wake tangu akiwa na miaka saba: bega, kifua, urefu, mwaka hadi mwaka, kila mstari ukizidi wa juu yake. Mstari wa mwisho ni wa Agosti 2024. Gauni alilovaa leo limeshonwa kwa vipimo hivyo vya Agosti, kwa sababu shangazi alikataa kumpima tena.

Jumanne ya tarehe 3 Desemba 2024 ilikuwa siku yake ya sindano. Alfajiri hiyo alipitia kwanza kwa seremala mmoja mzee anayeishi mlimani, mtoro wake wa hamsini na moja, kwa kuwa mzee yule hupatikana mapema tu. Mzee alikuwa na maneno mengi. Namba alifika getini saa mbili na dakika ishirini, kadi zimekwisha. Mlinzi akamwambia, "Pita, mwanangu, wewe ni wa hapa hapa." Akakataa. Mlinzi akamwomba tena. Namba akawatazama waliosimama nyuma yake, akasema, "Mzee, nikipita mimi, kazi yangu yote ni uongo." Akageuka na wenzake, akarudi nyumbani. Saa tisa alasiri kalamu nyekundu ikamwandika.

Shangazi alimgombeza siku ile, tena kwa sauti. Alimwambia haki haipigani na homa. Jumanne iliyofuata Namba alikuwa na homa kweli, hakuweza kwenda. Daktari bingwa ameieleza familia kwamba sindano moja haikumuua. Moyo ulikuwa umechoka siku nyingi, na upasuaji aliohitaji una foleni yake, ndefu kuliko zote alizowahi kuzihesabu. Shangazi alimsikia daktari na anamshukuru. Bado huihesabu sindano ile.

Machi 2025 aliwasilisha matokeo yake pale pale kituoni, akiwa amekaa kwa sababu kusimama kulimchosha. Aliomba mlinzi na muuguzi wa rejista wakae viti vya jirani. Mkuu wa kituo akasema, "Tumelipokea, tutalifanyia kazi," sentensi ambayo kila aliyekuwepo aliwahi kuisikia. Kadi zikabaki arobaini. Mlinzi akaendelea kuandika.

Alikuwa ameshalazwa Februari, akalazwa tena tarehe 18 Mei. Asubuhi moja daktari kijana alisoma faili kando ya kitanda, akasema kwa sauti ya kawaida, "Huyu alikuwa mtoro. Desemba hakuja."

Mama yake akasimama. "Mwanangu hajawahi kutoroka hata kipindi cha hesabu."

"Mama, kaa," Namba akasema. "Daktari anasoma kilichoandikwa. Kosa si lake." Akatabasamu hadi daktari alipoondoka. Kisha akageukia ukutani akalia, na katika miaka ishirini na miwili shangazi hakuwahi kumwona akilia namna ile, hata kwa sindano. Alimshika shangazi mkono, akasema, "Shangazi, wale waliokufa wako sita. Usiniache niwe wa saba."

Shangazi akasema hatakuwa. Hakujua atafanyaje. Alisema tu, maana ndivyo unavyomwambia mtoto.

Namba Kumi na Saba alifariki dunia Alhamisi, tarehe 5 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, mama yake akiwa amemshika miguu na shangazi akiwa ametoka kumletea kikombe cha maji. Kikombe kile shangazi hajakiosha.

Jana, tarehe 10 Juni, ilikuwa Jumanne, na ilikuwa tarehe iliyopangwa kwenye kadi yake ya kliniki. Kwa hiyo angeitwa, asingeitikia, na saa tisa alasiri angeandikwa mtoro akiwa amelala akisubiri kuzikwa leo. Mchapaji wa programu hii ya mazishi alikuwa anapiga simu kudai maandishi. Shangazi alimwambia asubiri, akavaa viatu, akaenda.

Mlinzi alimwona kwa mbali, akavua kofia. Alichukua daftari, akafunga geti la pembeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akatembea zile hatua thelathini na nne hadi dirishani.

Muuguzi alimpa shangazi pole, kwa dhati. Lakini alipoelezwa kwamba shangazi anataka lile neno la Desemba lifutwe, akatikisa kichwa. "Shangazi yangu, rejista haifutwi. Ni amri."

"Haifutwi, sista," mlinzi akasema, "lakini pembeni pana nafasi."

Wakatazamana wawili hao. Muuguzi akalivuta daftari, akalifungua. Mlinzi akamwonyesha ukurasa. Mwandiko wa mlinzi ulisema: Tarehe 3/12. Namba. Saa 2:20. Amefika. Kadi zimekwisha. Nimemwambia apite, amekataa.

Muuguzi alisoma mara mbili. Akachukua kalamu ya bluu. Shangazi akasema, "Mwandike."

Mlinzi akakohoa. "Shangazi, samahani. Mbele yake wako thelathini na saba. Yeye mwenyewe angetaka tufuate foleni."

Shangazi alitaka kumtukana. Maiti iko nyumbani, mchapaji anasubiri, na mtu anamwambia habari ya foleni! Lakini alijua ni kweli, na aliyeisema kweli hiyo si mlinzi. Akaenda akakaa kwenye benchi.

Muuguzi akaanza na wa tarehe 5 Novemba. Alisoma jina kwa sauti, akalitafuta kwenye rejista, akaandika pembeni ya wino mwekundu: Alifika. Akasoma la pili. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka kusikiliza. Kwenye jina la tano au la sita, mama mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono nyuma kabisa akasema, "Nipo!" Wengine wakacheka kidogo. Kisha mwingine, "Nipo, sista." Na mwingine. Yalikuwepo majina yasiyoitikiwa, muuguzi akasubiri kidogo kwa kila moja, akaandika. Ilichukua muda. Shangazi alihesabu kwa vidole, kisha kwa vifungo vya blauzi yake, akarudia vidole.

Jina la thelathini na nane muuguzi alilisoma kutoka kwenye rejista, kama lilivyo kwenye cheti. Foleni ikawa kimya, kwa sababu kwa jina hilo hakuna aliyemjua. Muuguzi akainua macho, kalamu mkononi, akasubiri kama alivyowasubiri wengine.

Shangazi akasimama, akaitikia yeye. "Alifika," akasema.

Muuguzi akaandika. Halafu akafungua ukurasa wa jana yenyewe, mstari wa Namba, akaandika kwa bluu: Amefariki 5 Juni. Kisha akamwuliza shangazi kama anayajua majina ya wale sita, na shangazi aliyajua, kwa maana Namba alikuwa amemsomea. Yameandikwa.

Marehemu ameacha baba, ambaye tangu Alhamisi anatengeneza bomba lisilovuja, mama, kaka mmoja, mdogo wake mmoja wa kike, ambaye siku hizi hupakuliwa wa kwanza na leo hataki, bibi mzaa mama, aliyempokea, shangazi, Takwimu, ambaye familia inamwita mkwe na haitaki ubishi, mwalimu wake msimamizi, na watu arobaini na watano waliosalia kati ya wale hamsini na mmoja, wengi wao wakiwa wamesimama pale nyuma kwa sababu wamechelewa. Tafadhali wapisheni wakae.

Tunamkosa mlangoni, mezani, na chini ya cherehani. Alifika. Apumzike kwa amani, na asiulizwe tena kadi.